Waliorudi Wakakuta Magofu

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Chake Chake, Pemba, Jumapili baada ya alasiri, siku moja baada ya watoto na wazee wao kutazama filamu ya Prince Caspian kwenye shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani. Waliozuiliwa na mvua wameniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, ila picha nilizoonesha sikuziweka.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, walimu wenzangu, mama mliokuja na watoto migongoni, na nyinyi vijana mliojipanga karibu na mlango ili mkimbie nikirefusha: karibuni. Hadithi, hadithi! Ahsanteni. Mmeitika vizuri kuliko wanafunzi wangu wa saa moja asubuhi.

Nianze na swali. Nani hapa hajui kwamba steringi hafi? Hakuna. Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda cha video anazijua sheria mbili. Ya kwanza, steringi hafi. Ya pili, pati tuu haiwi tamu kama ya kwanza. Na ile ya kwanza sina ugomvi nayo. Nimekuja kugombana na ya pili, na nakwambieni mapema kwamba sitaishinda yote.

Filamu tuliyoitazama jana ni ya pili katika visa vya Narnia, ile nchi ya kichawi ambako wanyama wanasema. Ya kwanza ilitoka Disemba 2005, ile ya kabati na theluji na yule malkia mweupe. Hii ikafuata Mei 2008. Mwelekezi ni yule yule, Andrew Adamson. Watoto ni wale wale wanne: Peter, Susan, Edmund na Lucy, waliotoka Uingereza wakawa wafalme na malkia wa Narnia, kisha wakarudi kwao. Kitabu kilichozaa kisa hiki alikiandika C. S. Lewis, kikachapwa mwaka 1951. Ya kwanza iliingiza kama dola milioni 745 duniani. Ya pili ikagharimu pesa nyingi zaidi, inatajwa milioni 225, ikaingiza kama milioni 419. Hesabu hiyo hata muuza karafuu wa Konde ataifanya bila kalamu. Disney wakajitoa, ya tatu ikatengenezwa na Fox mwaka 2010.

Sisi tulikuwa na kisingizio. Mei 2008 mnaikumbuka? Ndugu zetu wa Unguja walikaa gizani karibu mwezi mzima, umeme wa kutoka bara umekatika. Nani angetazama filamu? Lakini Marekani walikuwa na umeme, na hawakwenda kwa wingi kama mara ya kwanza. Kwa nini?

Wengi wanasema iliwekwa kwenye msimu mbaya, imebanwa na filamu kubwa kubwa za mwezi ule. Huenda. Mimi naona kuna jengine. Filamu hii ina moyo wa aina moja na misuli ya aina nyengine. Moyo wake unasimulia habari ya kurudi. Misuli yake inataka vita. Pale moyo unapoongoza, wallahi, ni nzuri kuliko ya kwanza. Pale misuli inapoongoza, unaanza kutazama saa.

Hebu turudi ufukweni. Watoto wako London, kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi, mara wanavutwa, wanajikuta kwenye mchanga mweupe na bahari ya buluu. Wanavua viatu. Wanarushiana maji, wanacheka. Kisha Edmund anatazama juu ya jabali anasema: mbona sikumbuki kama Narnia kulikuwa na magofu? Wanapanda. Susan anaokota kete ya sataranji, ya dhahabu. Lucy anawapanga wenzake mmoja mmoja, simama hapa, na wewe hapa, kisha anawaambia wawaze kuta, wawaze nguzo, wawaze paa la kioo. Na hapo ndipo wanapotambua. Wamesimama ndani ya ukumbi wao wenyewe. Magofu yale ni kwao.

Kule Uingereza umepita mwaka mmoja. Narnia imepita miaka 1300.

Nina ami yangu mmoja. Aliondoka Wete kijana, akaenda Maskati, akakaa huko miaka thelathini na mbili. Aliporudi, alishuka kwenye gari ya 606 kwa bashasha, hata mzigo hakuutua, anaulizia mwembe. Mwembe gani, ami? Mwembe wa barazani, tulipokuwa tukicheza bao. Ulikatwa zamani, pana duka la simu. Akamwulizia mwenye baraza. Marehemu. Akamwulizia rafiki yake waliyesoma naye chuoni. Marehemu. Akaulizia wa tatu, kisha akaona bora asiulize. Siku zile za mwanzo ami alikuwa akipita mitaani anawasalimia watoto kwa majina ya baba zao, kwa sababu nyuso alizozijua zilikuwa zimehamia kwa watoto.

Sasa mtazame Lucy. Anafungua sanduku lake la zamani, anatoa kanzu aliyokuwa akiivaa alipokuwa malkia, anajipimia, inamfika chini, inaburura. Anasema: nilikuwa mrefu hivi! Watoto jana mlicheka. Mimi sikucheka. Muda mfupi baadaye anawakumbuka rafiki zake wa filamu ya kwanza, yule Tumnus mwenye miguu ya mbuzi na wale mabiva, wanyama wa mtoni, waliowapa chakula. Wote wamekufa, na yeye kwake ni mwaka tu. Hakuna aliyemwambia kwamba wamekufa. Amepiga hesabu mwenyewe.

Wangapi hapa wamefika Ras Mkumbuu? Nyoosheni mikono. Wachache, aibu yetu. Msikiti usio paa, makaburi yenye nguzo, na mitumbwi inapita chini kana kwamba hakuna kitu. Pujini je, kwa Mkama Ndume, yule mtawala wa zamani? Tulikwenda na skuli, tukaoneshwa kisima, tukaambiwa kilikuwa na ukuta katikati ili wake zake wawili wasionane: mmoja anateka kwa ndoo toka juu, mwengine anashuka ngazi. Basi fumba macho. Unatembea pale Pujini, unaokota kipande cha sahani ya kaure, unakigeuza, na nyuma yake unakuta jina lako, kwa mwandiko wako. Hiyo ndiyo sehemu ya mwanzo ya filamu hii. Filamu ya watoto iliyothubutu kumwambia mtoto kwamba ukirudi hutakuta ulivyoacha. Ya kwanza haikuwa na hili. Isingeweza kuwa nalo, maana hakuna kurudi bila ya kwenda kwanza. Hapo pati tuu inapata sababu ya kuwepo.

Kuna jengine la namna hiyo hiyo, lilipita upesi, na nina hakika walio nyuma walikuwa wanagawana njugu. Yule dubu. Lucy anamwendea dubu, anamwamkia, maana kwa kumbukumbu zake dubu wa Narnia wanasema. Dubu haitiki. Dubu anamrukia. Trumpkin anampiga mshale, yule kibeti mwenye hasira, aliyechezwa na Peter Dinklage, na kwangu mimi ndiye mwigizaji bora wa filamu nzima. Watoto wanashangaa, kwani dubu huyu hasemi? Trumpkin anawajibu kwamba ukitendewa kama hayawani muda mrefu, mwisho unakuwa hayawani.

Wageni, watu wa Telmar, walikuja Narnia, wakawafukuza wenyeji misituni, na katika wanyama wapo waliosahau kusema.

Walimu wenzangu, nilipopelekwa kusoma Unguja, siku ya kwanza niliulizwa swali nikajibu kwa lafudhi ya kwetu. Darasa zima likacheka. Sawa, watoto ni watoto. Lakini mwalimu naye akacheka. Sikunyanyua mkono tena mpaka muhula ukaisha. Miezi mitatu nilikuwa dubu. Kwa hivyo filamu ilipotupa jambo zito kama lile, nilitaka irudi tena kwalo. Haikurudi. Hatumwoni hata mnyama mmoja aliyepoteza maneno akiyapata tena. Tumepewa panya Reepicheep badala yake, mwenye upanga na mdomo mrefu, na simlaumu mtu aliyempenda, hata mimi nimempenda, ana ujanja wa sungura wetu na maringo ya jogoo. Lakini yeye maneno hajawahi kuyakosa.

Sasa nije kwa maadui. Filamu inaanza na mama anapiga kelele za uchungu. Mtoto wa kiume anazaliwa. Na kwa sababu mtoto amezaliwa, Caspian, mwana wa mfalme wa Telmar aliyekufa, anaamshwa usiku na mwalimu wake, anaambiwa kimbia. Kwa nini? Kwa sababu Miraz ni ami yake, ameketi kwenye kiti kisicho chake, na alimwacha kijana hai kwa kuwa hakuwa na mrithi. Leo anaye. Ni mwanzo mzuri mno! Kilio kimoja cha kichanga, na nyumba nzima imegeuka.

Sisi hili hatufundishwi na filamu. Ukisoma habari za masultani wa Zanzibar, utakutana na mwaka 1859, Barghash alipotaka kumpokonya Majid kiti, na dada yao Salme akasimama upande wa Barghash. Ndugu wa baba mmoja. Kwa hivyo zile nusu saa za ndani ya ngome, wazee wa baraza wanavyotazamana, kila mmoja anapima upepo, Sergio Castellitto anacheza Miraz bila kupayuka hata mara moja, hizo zimenoga. Na kifo chake kimenoga zaidi: anaokoka kwenye mapigano na Peter, kisha anachomwa na mtu wake mwenyewe, kwa mshale wa Susan, ili watu waseme adui kaua kwa hila.

Jana wale askari wa Miraz walipotokea na kofia zao za chuma, mzee mmoja pale nyuma akasema kwa sauti: Wareno! Tukacheka, lakini mzee hakukosea. Watengenezaji walikusanya waigizaji wa Italia, Uhispania na Mexico, wakawavika kama maaskari wa karne zile, wakawapa lafudhi ya kusini ya Ulaya. Sisi Wapemba Wareno tunawajua. Nguvu zao katika pwani hii zilivunjika 1698 ilipoanguka Ngome ya Yesu kule Mombasa, na mpaka leo tukicheza mchezo wa ng'ombe tunaambiwa wametuachia wao. Kwa hivyo tuliwatambua haraka.

Ila binti mmoja wa safu ya mbele aliniuliza wakati tunakunja mikeka: mbona wote wabaya wana lafudhi, na watoto wema ni Waingereza? Nilimjibu kwamba Caspian naye ni wa kabila hilo hilo la Telmar, na ni mwema. Akaniangalia kama mtu aliyedanganywa nusu. Na kweli nilimpa nusu. Watoto wanne kutoka Uingereza wanakuja kuwakomboa wenyeji na kuwachagulia mfalme. Sisi, tuliotawaliwa na Waingereza mpaka Disemba 1963, tuna haki ya kukohoa kidogo hapo.

Na kinachoniuma ni kwamba jawabu limo ndani ya filamu yenyewe. Mwishoni simba Aslan anasema kwamba watu wa Telmar walikuwa maharamia wa baharini, chombo chao kilikwama kisiwani, wakaingia pangoni, wakatokea huku. Wametoka dunia ile ile waliyotoka Peter na wenzake! Mvamizi na mkombozi ni watu wa bandari moja. Jambo kubwa kama hilo, limetiwa katika sentensi mbili tatu, watu wameshasimama wanatafuta viatu.

Bibi yangu alikuwa akisimulia habari za ndugu wawili waliorithi mashua. Mmoja anataka kupita ndani ya mwamba, mwengine nje. Hawakubishana. Mmoja alishika usukani, mwengine akashika demani, ile kamba ya tanga, kila mtu akafanya lake. Mashua ikapanda mwamba na maji yanakupwa. Wakakaa pale juu, mgongo kwa mgongo, hawasemeshani, mpaka maji yakajaa tena. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hao walikuwa wawili tu.

Peter na Caspian ndio hao. Peter alikuwa mfalme mkuu, amerudi amekuwa mwanafunzi, London anapigana ngumi stesheni kwa sababu mtu kamgonga bega. Caspian ni kijana aliyekimbia kwa ami yake, hana jeshi, hana uzoefu, ana ile parapanda ya kuwaita wale wanne tu. Kila mmoja anajiona steringi. Wanakwenda kuvamia ngome usiku. Caspian, badala ya kufungua lango, anakwenda chumbani kwa Miraz na upanga, kwa kuwa amejua ndiye aliyemuua baba yake. Peter anaona mambo yameharibika na bado hataki kurudi nyuma. Mwisho lango linashuka, mmoja mwenye kichwa cha fahali analishikilia kwa mabega yake mpaka nguvu zikamwisha, na nusu ya jeshi inabaki ndani. Mnaukumbuka uso wa Peter akiwa nje anawatazama kupitia vyuma? Hawezi kuwatoa. Nao wanamtazama.

Uvamizi huu kitabuni haumo. Kuna wanaokasirika filamu ikiongeza jambo. Mimi hili nimelipenda kuliko yote yaliyoongezwa, kwa sababu kosa limepewa bei, na bei imelipwa na wasiohusika. Mtoto wa miaka kumi anaelewa.

Baada ya hapo, ndugu zangu, sikufichi. Nilichoka. Filamu ina saa mbili na nusu, na mwisho wake ni vita juu ya vita. Ardhi inabomoka chini ya farasi, miti inatembea, mto unainuka kama mtu. Vinapendeza macho. Lakini baada ya lile lango, nani alikuwa na hofu tena? Na vita vyenyewe havina damu, kwa sababu ni filamu ya familia. Panga zinaingia na kutoka safi. Watoto wetu wameshuhudia kuku akichinjwa sikukuu, wanajua kisu hutoka na nini. Ama tusioneshe vita, ama tukionesha tusiwafanye wajinga.

Yule kibeti Nikabrik anayetaka kumfufua malkia mweupe kwenye barafu, yeye nampa haki yake. Si mbaya, amekata tamaa, amegonga kila mlango haukufunguka. Sisi Wapemba tunavyotaniwa kwa uganga, hapa tungeweza kutoa ushauri wa kitaalamu. Anayevunja ile barafu ni Edmund, yule aliyewasaliti wenzake filamu ya kwanza kwa ajili ya peremende za malkia huyo huyo. Hasemi jambo kubwa. Anachoma upanga, basi. Hapo tena pati tuu inalipa deni la pati wani.

Busu la Susan na Caspian mtaniwia radhi, silizungumzi. Kitabuni halimo, filamu haikulihitaji, na niliwasikia mama watatu wakikohoa kwa pamoja.

Nimalizie na simba. Mzee wangu mmoja alinishika mkono jana nje ya mlango, akaniambia, mwalimu, mwandishi yule alikuwa Mkristo, na simba yule ana maana yake. Kweli kabisa, na mzazi ni vyema ajue, akae na mwanawe amweleze. Mimi nina lawama nyengine, ya ufundi. Aslan anakuja mwisho mno. Anaunguruma, miti inaamka, mto unasimama, kazi imekwisha. Watoto wote wanauliza: kwa nini hakuja mapema? Lucy naye anamuuliza. Peke yake ndiye aliyemwona toka mwanzo, akawaambia wakubwa, wakasema umeota. Aslan anamjibu kwamba mambo hayatokei mara mbili kwa namna moja.

Nilipoisikia sentensi ile nikamtazama ami yangu. Alikuwepo jana, kwenye kiti cha plastiki pembeni, amekuja kwa ajili ya wajukuu. Kiingereza chake ni cha bandarini, lakini alitikisa kichwa.

Kisha wale wanne wanaaga. Peter na Susan wameambiwa hawatarudi tena Narnia, wamekua. Wanapita kwenye mti uliofunguka kama mlango, wanajikuta stesheni, sare za skuli, mabegi, treni imefika, na watu hawana habari. Hakuna anayelia. Edmund anapekua begi lake, anauliza kama kuna njia yoyote ya kurudi, maana ameisahau tochi yake mpya kule.

Ami alicheka peke yake ukumbi mzima. Nikamuuliza, kulikoni? Akasema: mimi niliacha baiskeli.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Maswali nitayapokea, wale wa mlangoni msikimbie, chai iko tayari. Wassalamu alaykum.